Hadithi na Imani: Dini ya Jedi na Kisa cha Masala Kulangwa

Hakuna dini kubwa isiyokuwa na masimulizi yake. Lakini msimulizi wa dini hudai kwamba mambo anayoyaeleza yalitukia kweli, au kwamba aliyapokea kwa aliye mkuu kuliko yeye. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 palizuka jambo la namna nyingine. Watu walitwaa hadithi zilizobuniwa na watunzi wanaojulikana kwa majina yao, hadithi zilizouzwa madukani na kuonyeshwa katika majumba ya sinema kwa ajili ya kuburudisha umma, wakazifanya msingi wa dini, hali wakijua vema kwamba ni za kubuni. Mashuhuri kupita zote ni dini ya Jedi, iliyotokana na filamu za Star Wars. Wengi wameicheka. Walioisoma kama mhakiki asomavyo kazi ya fasihi ni wachache. Nao hawana budi kuuliza ni kitu gani kilichochukuliwa kutoka katika hadithi, ni kitu gani kilichoachwa, na hicho kilichoachwa kilikuwa na thamani gani.

Swali hilo halikosi maana kwa msomaji wa Mwanza na wa vijiji vya kando ya Ziwa Victoria, ijapokuwa dini yenyewe ni ngeni kwake. Filamu za Marekani zimefika huko kama zilivyofika kwingineko Tanzania, zikapokewa katika vibanda vya video, mahali ambapo mfasiri husimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za wahusika, akiongeza mzaha na maonyo yake mwenyewe. Zaidi ya hayo, Wasukuma wanayo hadithi yao ya shujaa, kisa cha Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we, ambayo imetoka kwenye moto wa jioni ikaingia katika mafundisho ya Kanisa. Hadithi mbili, basi, moja ya sinema na moja ya mdomo, zimeitwa zifanye kazi ya imani. Yafaa ziwekwe pamoja, maana kila moja yaweza kuwa mizani ya kuipimia nyingine.

Dini ya Jedi haikuwa ya kwanza katika jamii yake. Mwaka 1961 Robert Heinlein wa Marekani alitoa riwaya iitwayo Stranger in a Strange Land, inayohusu mtu aliyelelewa na wakazi wa sayari ya Mars kisha akarudishwa duniani. Katika riwaya hiyo, watu wanaogawana maji ya kunywa huwa ndugu, na undugu huo hauvunjiki. Mwaka 1962 wanafunzi wawili wa chuo katika jimbo la Missouri, Tim Zell na Lance Christie, waligawana maji kwa kufuata mfano wa riwaya. Kutokana na tendo hilo likazaliwa Kanisa la Dunia Zote, ambalo liliandikishwa kisheria mwaka 1968. Imani yake kuu ni kwamba uungu umo ndani ya kila kiumbe, na kwamba kila mtu ana dhamana ya uungu huo alio nao.

Yapasa kulitazama tendo lile la maji kwa makini, kwa kuwa ndani yake limo tatizo zima la dini za namna hii. Juu ya sayari ya Mars aliyoibuni Heinlein, maji ni adimu. Ampaye mwenzake maji humpa sehemu ya uhai wake. Katika mji wa Missouri maji hufunguliwa bombani. Ishara imehamishwa salama kutoka kwenye kitabu hadi kwenye meza ya watu hai, lakini gharama yake imebaki kitabuni. Wanaogawana maji huko wanaweza kupendana kwa dhati, na hakuna sababu ya kuutilia shaka moyo wao. Ila tendo lenyewe haliwadai kitu, na kama deni lipo, sharti walitie wao wenyewe kutoka mahali pengine.

Star Wars ilitoka mwaka 1977, kazi ya George Lucas. Mashujaa wake, Jedi, ni walinzi wa amani wenye panga za mwanga, na uwezo wao hutokana na kitu kisichoonekana kiitwacho Nguvu. Nguvu imeenea katika vyote vilivyo hai na kuviunganisha. Mtu aliyefunzwa aweza kuitumia kwa wema, na aliyeshindwa na hasira au hofu aweza kuitumia kwa uovu. Lucas hakuileta hadithi yake kama ufunuo. Ameeleza kwamba alijifunza kwa Joseph Campbell, mtaalamu wa visasili, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1949 alishikilia kwamba mashujaa wa mataifa mengi hupita njia moja: huitwa watoke nyumbani, humezwa na giza kama aliyemezwa na nyangumi, kisha hurudi na heri kwa watu wao.

Katika sensa ya mwaka 2001 ya England na Wales, watu wapatao 390,000 waliandika kwamba dini yao ni Jedi. Wengi walifanya hivyo kwa mzaha, baada ya barua zilizosambazwa kwa kompyuta kuwahimiza. Sensa ya mwaka 2011 ilipofika, hesabu ilikuwa imeshuka hadi 176,632. Lakini nyuma ya mzaha palikuwa na watu wachache wasiofanya mzaha. Miongoni mwao ni Temple of the Jedi Order, jumuiya iliyoandikishwa Texas mwaka 2005, ambayo imeweka mafundisho yake kwa maandishi, na kwa hiyo itikadi yake yaweza kuchunguzwa.

Misingi ya itikadi hiyo yaweza kufupishwa hivi. Kwanza, Nguvu iko kweli, ijapokuwa filamu ni za kubuni. Filamu zimeipa jina tu, na kila mwamini yuko huru kuielewa kama Mungu, kama roho ya ulimwengu, au kama umoja wa viumbe. Pili, uhai una thamani kwa asili yake, na utu wa mwanadamu ni mtakatifu. Kwa hiyo mateso na adhabu ya kifo ni mambo ya kupingwa. Tatu, mtu sharti ajitawale, ashinde hasira na hofu kwa tafakuri na utulivu. Nne, elimu aliyoipata ni ya kuwahudumia wengine kwa huruma. Tano, kifo si mwisho, kwa kuwa anayekufa hurudi katika Nguvu. Mwamini haamriwi kuiacha dini yake ya zamani, wala hatishiwi moto wa milele.

Ni mafundisho mazuri, na atakayeyashika hatakuwa jirani mbaya. Ila mhakiki akiyafuatilia hadi chimbuko lake hukuta mambo ya kushangaza. Kanuni ya Jedi, ile inayoweka amani mahali pa hisia na maarifa mahali pa ujinga, haikutokana na filamu za mwanzo. Ilienea kutoka katika kitabu cha mchezo wa kuigiza wahusika kilichochapishwa mwaka 1987. Nayo Nasadiki ya jumuiya ile ya Texas imetengenezwa kwa kufuata sala ya amani ambayo Wakatoliki, wa Mwanza pamoja na wengine, wanaijua kama sala ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Sala hiyo yenyewe haikuandikwa na Fransisko; ilionekana kwa mara ya kwanza katika jarida la Ufaransa mwaka 1912. Kwa hiyo dini iliyotajwa kuwa imezaliwa na filamu imeazima kanuni yake kutoka mchezoni na Nasadiki yake kutoka katika sala ya Kikristo. Kuazima si aibu. Hata dini kongwe huazima. Lakini hapo lazuka swali lisiloepukika: ikiwa maneno yake ya msingi yametoka kwingine, hadithi yenyewe imefanya kazi gani?

Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya hadithi imeachwa nje. Kiini cha filamu tatu za mwanzo ni kisa cha baba na mwana. Luke, kijana anayejifunza kuwa Jedi, anagundua kwamba adui mkuu aliyevaa vazi jeusi ni baba yake mzazi, aliyekuwa zamani Jedi naye. Walimu wake wanamtazamia apambane na adui huyo. Katika filamu ya mwaka 1983 Luke anaitupa silaha yake na kukataa kumwua baba, na baba, akiona mwanawe anateswa hadi kufa, anamgeukia mtawala mwovu na kumwokoa mtoto. Kilichowaokoa wote wawili ni mapenzi ya damu, yaani ule mfungamano wa moyo ambao walimu wa Jedi wanauogopa. Hadithi, kwa maneno mengine, inabishana na kanuni. Inamwonyesha mwanafunzi akiwa na haki kuliko walimu wake kwa sababu alikataa kutulia. Walioianzisha dini waliichukua busara ya walimu, wakaliacha kosa lao; na kosa hilo ndilo lililoifanya hadithi iwe hadithi.

Hapa ndipo kisa cha Wasukuma kinapofaa kuletwa. Kama kila hadithi ya mdomo, kina sura nyingi, ila mwendo wake mkuu ni mmoja. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika lundo la pumba. Akajifungua mtoto wa kiume, akamwita Masala Kulangwa, jina linalomaanisha akili ya kufundishika. Mtoto alipokua akamwuliza mama yake watu wengine wako wapi. Mama akamweleza. Kijana akatoka kulitafuta zimwi. Siku ya kwanza akarudi na panzi, akimwita mama ashangilie kwamba Shing'weng'we amekufa. Mama akamwambia kwamba huyo ni panzi tu. Siku nyingine akaleta ndege, kisha paa, na kila mara mama akamjibu vivyo hivyo. Mwishowe akalikuta zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua, na kutoka ndani yake wakatoka baba yake, jamaa zake na watu wote.

Hadithi nyingi za dunia zingeishia hapo. Hii haiishii. Kijana alipokuwa akilipasua zimwi, kisu chake kilikata sikio la bibi kizee aliyekuwamo ndani. Bibi yule alitoka hai, lakini alitoka na jeraha, naye hakushukuru. Alikasirika akataka kumloga mwokozi wake. Rafiki za kijana wakamlinda, na yeye mwenyewe akatafuta dawa hadi akaliponya lile sikio. Ndipo watu wote walipomfanya mtemi.

Wafuasi wa Campbell wataona upesi kwamba visa viwili hivi ni ndugu. Katika kila kimoja mwana analelewa bila baba, na baba yumo tumboni mwa uovu: katika hadithi ya Ziwa amemezwa na zimwi, na katika filamu amefungiwa ndani ya vazi jeusi na kuwa yeye mwenyewe zimwi. Katika kila kimoja mwana anampasulia baba njia ya kutoka. Undugu huo hauthibitishi kwamba hadithi moja imeiga nyingine. Yona alimezwa na kutapikwa kabla ya zote mbili kuandikwa. Unathibitisha tu kwamba ni haki kuzilinganisha. Zikilinganishwa, lile jambo dogo la sikio linakuwa kubwa.

Sikio linafundisha kwamba ukombozi huumiza, na kwamba mkombozi anadaiwa. Msimulizi wa Kisukuma angeweza kumfanya bibi kizee kuwa mtu asiye na shukrani na kumwacha na aibu yake. Badala yake lawama yake imepokewa kama dai la haki: sikio limekatwa kweli, na aliyelikata ndiye wa kulitibu. Masala Kulangwa hakustahili utemi siku aliyoliua zimwi. Alistahili baada ya kulipa. Mpangilio huu wa matukio ni hukumu ya kisiasa na ya kimaadili, wala msimulizi hakuhitaji kutamka neno moja la mafundisho ili aitoe.

Katika nusu ya pili ya karne iliyopita kisa hiki kilipata kazi mpya. Katika Usukuma, Kanisa Katoliki lilikuwa likitafuta lugha ya kienyeji ya kuelezea imani yake. Huko Bujora, Kisesa, karibu na mji wa Mwanza, Padre David Clément, mmisionari kutoka Kanada, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya ala, ngoma na vyombo vya watemi, akajenga kanisa lenye umbo na mapambo ya enzi ya kitemi. Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo ikaunganishwa na mashindano ya ngoma za Bagika na Bagalu, yanayojulikana kama Bulabo. Katika mazingira hayo Masala Kulangwa alianza kusomwa kama mfano wa Kristo: mama mmoja, mwana mmoja, zimwi ambalo ni mauti, na watu wote waliotolewa hai kaburini. Joseph Healey na Donald Sybertz, wamisionari wa Maryknoll waliofanya kazi katika Kanda ya Ziwa, walikijadili kisa hicho katika kitabu chao juu ya teolojia ya Kiafrika ya masimulizi kilichotoka mwaka 1996.

Ulinganisho huo una nguvu, lakini nao una mahali unapokwaruza. Kristo wa Wakristo halipi deni kwa waliokombolewa. Wao ndio wanaodaiwa. Sikio la bibi kizee halipati pa kukaa kwa urahisi katika fumbo la wokovu, labda kwa kulikumbuka sikio lingine lililokatwa bustanini kwa upanga wa mwanafunzi na kuponywa na bwana wake. Hata hivyo tofauti yabaki: bustanini aliyekata ni mmoja na aliyeponya ni mwingine, lakini katika hadithi ya Wasukuma ni mtu yule yule. Mwalimu wa dini akiisimulia hadithi kwa ukamilifu, msikilizaji ataliuliza sikio, na mwalimu atalazimika kufikiri. Akiliruka, somo litakwenda vizuri zaidi na hadithi itakuwa imekufa. Kwa jambo hili mwalimu wa kando ya Ziwa na mwandishi wa mafundisho ya Jedi wanakabiliwa na kishawishi kimoja.

Msomaji aweza kupinga kwamba mizani hii haina haki. Kisa cha Masala Kulangwa hakikujifanya kuwa dini. Kilikuwa hadithi ya kikome, iliyosimuliwa motoni usiku, na imani ya Wasukuma ilikuwa mahali pengine, katika heshima kwa wahenga na katika matambiko. Dini ya Jedi imebeba mzigo mzito zaidi, wa kuwa dini kamili bila wahenga. Pingamizi hilo ni la kweli, na linaonyesha kwa usahihi mahali palipo na upungufu. Mwezi Desemba 2016, tume inayosimamia jumuiya za hisani huko England na Wales ilikataa kuiandikisha Temple of the Jedi Order, kwa kuona kwamba mafundisho yake hayashikamani vya kutosha kuwa mfumo wa imani, na kwamba mtu aweza kuyafuata kama namna ya kuishi tu. Uamuzi kama huo hauna budi kumfanya msomaji wa Kiafrika ajihadhari, maana yako maandishi mengi ya wasafiri wa karne ya 19 yaliyosema kwamba Waafrika hawana dini, kwa kuwa waandishi hao hawakuona kitabu, Nasadiki wala hekalu. Kama dini hupimwa kwa orodha ya mafundisho yanayoshikamana, basi Jedi wana orodha, na mababu wa Ukerewe na Usukuma hawakuwa nayo. Kipimo hicho ndicho kibovu.

Kipimo kilicho bora chaweza kupatikana Ukerewe, kisiwa kinachoonana na Mwanza. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na wamisionari, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Myombekere na Bugonoka. Baadaye aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa na Tanzania Publishing House karibu na mwisho wa maisha yake. Alifariki mwaka 1981. Kitereza alikuwa Mkatoliki, lakini aliandika kuhusu Wakerewe wa kabla ya wamisionari, na katika kurasa mamia hajaweka sura ya kueleza wanaamini nini. Anaeleza wanafanya nini. Myombekere na mkewe hawana mtoto. Wakwe wanamchukua binti yao. Myombekere anakwenda kumwomba, na anatozwa mitungi sita ya pombe ya ndizi. Msomaji anafuatana na deni hilo hatua kwa hatua, na kwa njia yake anawaona jirani, mganga, wazee na wafu waliomo katika maisha ya mtu mmoja. Mwana anapopatikana huitwa Ntulanalwo, jina linalokumbusha kwamba mtu huishi pamoja na kifo sikuzote. Hiyo ndiyo imani: haikuchaguliwa na mtu, bali ilimkuta na ikamtoza.

Kwa kipimo hicho dini ya Jedi haipungukiwi na mafundisho. Inapungukiwa na mdai. Nguvu iko kila mahali lakini haimtozi mtu mitungi sita. Bibi kizee hayumo. Watu laki tatu na tisini elfu wa mwaka 2001 wanafanana na umati wa Bulabo, ambapo kundi la ngoma hushinda kwa kuvuta watazamaji wengi zaidi. Watazamaji hao huvuka uwanja kutoka kwa Bagika hadi kwa Bagalu kadiri macho yanavyovutwa, na jioni hurudi makwao bila lawama. Umati ni sifa kwa mcheza ngoma, lakini ushirika huonekana kesho yake, mmoja wao anapofiwa. Kwa wale wachache wa kweli, waliobaki baada ya mzaha kwisha, ni haki kusema kwamba wanaweza kuwa njiani. Wakifika mahali ambapo mmoja ana haki ya kumlaumu mwenzake kwa jina la Jedi, na yule mwingine akaona kwamba hana budi kulipa, hapo watakuwa na dini, tume iandikishe isiandikishe. Na hadithi yao inayo nyenzo za kufikia hapo, kama wataisoma yote, pamoja na baba aliyefanya maovu na walimu waliokosea.

Jambo hili linawahusu wanafunzi wa fasihi kuliko wanavyodhani. Mtoto wa siku hizi katika Mwanza hukutana na Masala Kulangwa shuleni mara nyingi zaidi kuliko kikomeni, na huko hukutana naye mbele ya swali la mtihani: dhamira ni nini, ujumbe ni nini, hadithi inafundisha nini. Mwanafunzi hodari hujibu kwamba inafundisha ushujaa, umoja na utii kwa mzazi, na hupata alama zake. Amefanya kwa hadithi ya babu zake kile ambacho waandishi wa Texas waliifanyia Star Wars: amekamua maneno matano mema ambayo mtu yeyote angeyakubali hata kama hadithi isingekuwapo, na makapi akayatupa. Ndani ya makapi hayo amelitupa panzi, ambalo lilimfanya shujaa achekwe na mama yake, na amelitupa sikio. Uhakiki wa namna hiyo hutengeneza kanuni za imani zisizo na mwamini.

Namna nyingine ya kusoma ipo, na ni ya zamani kuliko mitihani. Msikilizaji wa kikomeni hakuulizwa ujumbe. Alirudi nyumbani akiwa na picha ya kijana mwenye kisu, ambaye watu wote wanamshangilia, na mbele yake amesimama bibi kizee anayevuja damu. Atakayeisoma hadithi ya zamani au ya sasa, iwe ya Ziwa au ya sinema, na akavumilia kusimama mbele ya bibi huyo hadi ajue ni nani anayedaiwa, amekwisha kukaribia mahali ambapo hadithi huanza kuaminiwa.